Mbolea ya nyasi za uani kabla ya kaskazi, bila kuipalilia kuvu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara (Malindi na Lamu)

Kila demani, majira ya kati ya kusi na kaskazi, ikianza kuisha, maswali haya hunijia kutoka Casuarina, Silversand, Mambrui, Watamu na hata Shela ya Lamu. Wengi wanaouliza ni watunza bustani na walinzi wa nyumba za wageni. Mwenye nyumba yuko ng'ambo, anakuja Desemba, na anataka akishuka garini akute uani kijani. Shinikizo hilo ndilo linaloua nyasi za pwani kuliko jua. Mtu hutia mbolea mara mbili ya kipimo mwezi wa Novemba, vuli inanyesha, na ikifika Krismasi uani una mabaka kama ngozi yenye choa. Nimeyajibu maswali mengine kwa urefu na mengine kwa ufupi, kulingana na mahali ninapoona watu wanaumia zaidi.

Wataalamu wa ng'ambo husema "tia mbolea kabla ya kiangazi". Kwetu hapa huo ni wakati gani?

Usiifuate kalenda ya Ulaya wala ya Marekani. Kiangazi chao ni Juni mpaka Agosti, na kwetu miezi hiyo ni ya kusi, iliyo na ubaridi kuliko yote. Kiangazi chetu ni kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, na Machi ndipo jua linapochoma hasa. Kwa hiyo "kabla ya kiangazi" kwa Malindi na Lamu ni tangu mwisho wa Agosti hadi katikati ya Novemba.

Liko jambo jingine ambalo maandishi ya kigeni hayawezi kukwambia. Katika nchi nyingi zinazoandikiwa maelezo hayo, joto na mvua huja pamoja, na kuvu hupata karamu wakati mmoja. Kwetu kaskazi ni kavu. Hatari yetu kubwa ya kuvu ni masika, hasa Mei ambao ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, na baada ya hapo ni vuli, Oktoba hadi mwanzo wa Desemba. Vuli huja wakati uleule ambao kila mtu anakimbilia dukani kununua mbolea ya kupendezesha uani kwa wageni.

Mbolea ni chakula cha nyasi. Kwa nini ilete kuvu?

Kuvu huwa ipo tayari, ardhini na kwenye nyasi zilizokufa. Inangoja mambo matatu yakutane: joto la kuifaa, maji yaliyokaa juu ya jani, na jani laini la kula.

Nitrojeni nyingi kwa mpigo hulifanya jani likue haraka kuliko linavyoweza kujijenga. Ngozi yake inakuwa nyembamba, ndani limejaa utomvu, na akiba ya sukari ambayo mmea ungeitumia kujiponya imemalizwa na kukua. Nyasi zinasongamana, upepo haupiti, na umande wa usiku unakaa mpaka jua limepanda sana.

Sasa angalia hali yetu. Usiku wa Malindi ni mara chache kushuka chini ya nyuzi 20, hata Julai. Kuvu ya mabaka ya kahawia, ambayo wataalamu wanaiita Rhizoctonia, inapenda usiku wa joto kama huo. Maana yake ni kwamba la kwanza kati ya yale matatu tumeshalipoteza mwaka mzima, maana joto la usiku huwezi kulipunguza. Yaliyobaki mkononi mwako ni mawili tu, maji juu ya jani na nitrojeni ndani ya jani. Ukurasa huu wote unazungumzia hayo mawili.

Basi si bora nisitie mbolea kabisa?

Hapana. Nyasi zenye njaa nazo zina magonjwa yake. Kuna kuvu inayotoa vidoa vidogo vyeupe, kila kimoja ukubwa wa sarafu, na asubuhi na mapema utaona nyuzi kama za buibui juu yake kabla umande haujakauka. Hiyo hupenda nyasi zilizokosa nitrojeni. Kutu nayo ni hivyo hivyo, ile inayoacha unga wa rangi ya machungwa kwenye viatu ukipita. Nyasi zikikosa potasiamu, madoa ya majani huzidi pia.

Tena nyasi dhaifu huacha mianya, na mwanya kwenye mchanga wetu hujazwa na ndago ndani ya wiki chache.

Nitie mbolea gani, na kiasi gani?

Hapa tulia, maana hapa ndipo makosa yanapofanyika.

Kwanza pima uani. Chukua futi kamba au hesabu hatua, zidisha urefu kwa upana. Sijali uani ni mkubwa au mdogo, bila kupima utakuwa unakisia, na anayekisia mbolea huzidisha siku zote.

Kipimo ninachokitumia mimi kwa mara moja ni gramu 2.5 za nitrojeni halisi kwa kila mita ya mraba. Ni nusu ya kile utakachokuta katika maelezo mengi, na ni nusu kwa makusudi. Mchanga wetu hauwezi kushika mbolea. Ukitia nyingi, sehemu italiwa na nyasi kwa pupa na iliyobaki itazama chini ya mizizi na mvua ya kwanza. Kidogo mara kadhaa kinashinda kingi mara moja.

Kwa mita 100 za mraba, kipimo hicho ni hivi:

CAN, yaani nitrati ya amonia yenye kalsiamu, ya nitrojeni asilimia 26: kilo 1.
Salfeti ya amonia, ambayo madukani wanaiita SA, yenye asilimia 21: kilo 1 na gramu 200.
NPK 17:17:17, ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa pamoja: kilo 1 na nusu.
Urea ya asilimia 46: gramu 550, na siishauri.

Siishauri urea kwa sababu ardhi yetu ya karibu na bahari imetokana na matumbawe na makombe. Ina chokaa nyingi. Urea ikimwagwa juu ya ardhi ya chokaa wakati wa joto na unyevu, sehemu kubwa hugeuka hewa ya amonia na kupotea, na utaisikia harufu yake. Inayobaki huingia kwa kishindo na kulainisha majani. Tena ni kali, punje chache zilizolala juu ya jani lenye umande huliunguza. Ukienda ndani, upande wa Magarini kwenye udongo mwekundu, mambo ni tofauti kidogo, lakini hata huko CAN ina adabu zaidi.

SA naipenda kwa ardhi ya chokaa kwa sababu huongeza uchachu kidogo pale punje ilipoyeyuka, na hilo huisaidia mizizi kupata chuma kilichofungwa na chokaa.

DAP ya shambani, yaani fosfeti ya amonia, iache shambani. Fosforasi yake ni nyingi mno kwa nyasi ambazo zimeshashika, na kwenye chokaa hufungwa bila faida. Mbolea ya ruzuku imewekwa kwa ajili ya mahindi na mazao mengine ya wakulima, si kwa uani wa nyumba ya likizo, na nalisema hili kwa uzito wake.

Ratiba yangu iko hivi. Naanza Julai, masika yakishatulia na nyasi zimekauka vizuri. Narudia mwisho wa Agosti au Septemba. Mara ya mwisho yenye kipimo kamili ni katikati ya Oktoba, kabla vuli haijakolea. Ikipita katikati ya Novemba sitii tena nitrojeni ya haraka. Januari na Februari, kama maji yapo ya kutosha, naweza kutia nusu ya kipimo mara moja. Kama maji ni ya kubahatisha, sitii kitu. Na tangu mvua za Aprili zinapoanza mpaka Juni iishe, mfuko wa mbolea unabaki umefungwa.

Na potasiamu?

Hiyo ndiyo watu wanaisahau, na ndiyo yenye kazi kubwa kabla ya kaskazi. Inasaidia mmea kuhimili kiu na joto, na jani lenye potasiamu ya kutosha halishikwi upesi na madoa. Mchanga unaipoteza kama unavyopoteza nitrojeni. Tia nusu kilo ya SOP, yaani salfeti ya potasiamu, kwa mita 100 za mraba mwezi wa Oktoba, kisha nusu kilo nyingine baada ya mwezi. Usichukue MOP kwa sababu tu ni rahisi. Ile ni kloridi, nayo ni chumvi juu ya chumvi kwa mtu anayemwagilia maji ya kisima cha karibu na bahari.

Nakuwa namwaga vipi ili isiache mistari?

Gawa mbolea mafungu mawili. La kwanza limwage ukitembea kutoka mashariki kwenda magharibi, la pili kutoka kaskazini kwenda kusini. Ikiwa ni kidogo mkononi, ichanganye na mchanga mkavu ndani ya ndoo ili iende mbali. Mwaga nyasi zikiwa kavu na ardhi ikiwa na unyevu, kisha maji mara moja ya kuziosha punje zishuke. Usimwage kukiwa na umande. Mistari ya kahawia yenye umbo la mkono uliorusha si kuvu, ni kuungua, na nimewaona watu wakinunua dawa ya kuvu kwa ajili yake.

Nimwagilie saa ngapi?

Saa kumi na moja alfajiri. Kama una mpira wenye kinyunyizio na saa ya kufungulia, anza saa kumi. Ukimaliza saa kumi na mbili au saa moja, umefanya vizuri.

Sababu ni hii. Kuvu nyingi za nyasi zinahitaji jani libaki na maji kwa muda wa saa 10 hivi mfululizo ili mbegu zake zichipue na kupenya. Ukimwagilia saa kumi na mbili jioni, jani litalala na maji mpaka saa mbili asubuhi. Hizo ni saa 14, tena za usiku wa joto. Ukimwagilia alfajiri, jani lilikuwa limeshalowa kwa umande hata hivyo, nawe hujaongeza muda. Umeuosha tu umande na ule utomvu mtamu unaotoka kwenye ncha za majani, ambao kuvu huupenda. Likichomoza jua na upepo wa bahari ukianza, ikifika saa tatu uani umekauka.

Najua kwa wengi maji ya mfereji hayaji alfajiri. Maji yetu yanatoka mbali, Baricho kule kwenye Mto Sabaki, na siku yanapokuja huyapangii saa. Kwa hiyo jaza tangi yanapokuja, umwagilie yanapofaa. Ikishindikana kabisa, saa tatu asubuhi ni bora kuliko jioni, ingawa jua litakula sehemu yake. Jioni iwe mwiko, hasa katika wiki mbili baada ya kutia mbolea.

Kiasi: milimita 25 kwa wiki, mvua ikihesabiwa humo. Weka mikebe mitupu ya samaki au ya nyanya sehemu kadhaa uani, ufungue maji, uone yanachukua dakika ngapi kufikia nusu ya kiasi hicho. Kwenye mchanga gawanya mara mbili kwa wiki. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku kunalowesha jani bila kufikia mzizi, na hilo ndilo kuvu inalolitaka. Asubuhi ambazo huna haja ya kumwagilia, pitisha mpira mtupu au fito ndefu juu ya nyasi kuangusha umande. Ni kazi ya dakika tano, na katika miezi ya vuli naithamini kuliko chupa yoyote ya dawa.

Mwenye nyumba anafika tarehe 20 Desemba na nyasi zimepauka. Nina wiki mbili. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya hofu, nami nalijua kwa sababu limenipata. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilipewa agizo kama hilo, nikatia urea nyingi mwisho wa Novemba. Kwa siku saba uani ulikuwa kijani cha kupendeza, nikapongezwa kwa simu. Kisha mvua ikapiga siku tatu mfululizo. Siku ya kumi mabaka ya kwanza yalitokea chini ya mwarobaini, na wageni walipofika karibu nusu ya uani ilikuwa imeoza. Ilichukua mpaka Agosti kuurudisha. Tangu hapo najibu hivi.

Rangi ya kijani haitoki kwa nitrojeni peke yake. Inahitaji chuma, na kwenye ardhi ya chokaa chuma kipo lakini mzizi haukifikii. Angalia majani yako. Kama ni ya chini, ya zamani, ndiyo yanayopauka kwanza, nitrojeni imepungua. Kama ni machipukizi ya juu yanayopauka, na mishipa imebaki kijani kati ya mistari ya manjano, tatizo ni chuma. Karibu na bahari hapa mara nyingi huwa ni hilo la pili.

Nunua salfeti ya chuma duka la agroveti. Gramu 60 kwenye pampu ya mgongoni ya lita 20, zinatosha mita 100 za mraba. Koroga iyeyuke, nyunyiza asubuhi umande ukishakauka lakini jua halijawa kali, na usimwagilie tena siku hiyo ili jani linywe. Baada ya siku mbili tatu utaona kijani kizito, bila nyasi kurefuka na bila jani kulainika. Hudumu kama wiki mbili hadi tatu, yaani likizo yote.

Tahadhari moja: chuma hutia madoa ya kutu kwenye vibaraza vya mawe ya matumbawe, kwenye sakafu nyeupe na kuta za chokaa, na hayatoki. Acha nafasi pembeni, usinyunyize wakati wa upepo.

Na mwambie mwenye nyumba ukweli kabla hajapanda ndege. Mpigie picha uani ulivyo. Mtu aliyeambiwa mapema hukasirika kidogo, aliyeshtukizwa hukasirika sana.

Maji yangu ni ya kisima na yana chumvi. Yanahusika?

Sana. Chumvi huzuia mzizi usinywe, nyasi zinaonekana na kiu hali ardhi imelowa, na watu wanaongeza maji na mbolea juu yake. Kila mbolea ya viwandani ni aina ya chumvi, kwa hiyo kipimo chako kiwe kidogo zaidi kuliko cha jirani anayetumia maji ya mfereji. Mvua ya vuli ikinyesha vizuri, iache ioshe ardhi. Baada yake ndipo nusu ya kipimo itie.

Samadi je? Mbuzi tunao, na Lamu punda wako kila uchochoro.

Samadi iliyooza vizuri ni rafiki wa mchanga. Inashika maji, inatoa chakula polepole, na haina ule mshtuko wa urea. Lakini iwe imeoza kweli, miezi mitatu au zaidi imefunikwa na kugeuzwa, mpaka haina joto wala harufu na inavunjika mkononi kama udongo. Samadi ya punda ina jambo lake: punda hasagi mbegu tumboni kama ng'ombe, kwa hiyo ukiitia mbichi utapanda kila gugu alilokula njiani. Lundo likipata joto la kutosha mbegu hufa.

Ichunge kwa chekeche, tandaza unene wa nusu sentimita, kisha ipige kwa reki ishuke chini. Usizifukie nyasi. Wakati wake ni Agosti au Septemba. Usitandaze samadi Novemba wala Mei, maana utakuwa umelaza blanketi lenye unyevu shingoni mwa nyasi.

Mwani uliotupwa pwani unaweza kuingia kwenye lundo baada ya kunyeshewa na mvua ikauosha chumvi. Moja kwa moja juu ya nyasi, hapana.

Nitajuaje kwamba ni kuvu na si kitu kingine?

Piga magoti. Mtu aliyesimama hawezi kulijibu swali hili.

Kama ni mabaka ya mviringo yanayopanuka, shika jani la pembezoni mwa baka ulivute. Likichomoka bila nguvu na chini limeoza, lina rangi ya kahawia na limelowa, hiyo ni Rhizoctonia. Kama majani yana madoa ya mviringo mrefu, katikati kijivu na ukingoni kahawia, hasa kwenye nyasi pana za Pemba wakati wa mvua na baada ya mbolea nyingi, hiyo ni kuvu ya madoa ya kijivu, Pyricularia, ndugu wa ile inayoharibu mpunga. Nyasi zikilala ghafla kama zimemwagiwa mafuta, zinateleza ukizigusa, tena kwenye njia ya maji, hiyo ni Pythium, na inakwenda haraka kuliko zote. Duara la uyoga lenye nyasi za kijani zaidi pembeni si dharura, mara nyingi kuna kisiki cha zamani kinachooza chini.

Sasa yasiyo kuvu. Nyayo zako zikibaki zimelala baada ya kupita, ni kiu. Baka dogo lililoungua katikati na lenye pete ya kijani kibichi ni mkojo wa mbwa au paka. Ukivuta nyasi ukakuta vichuguu vya udongo na mizizi iliyotafunwa, ni mchwa. Nyasi zinazodhoofika polepole mchangani, mizizi mifupi yenye vinundu, ni minyoo midogo ya mizizi isiyoonekana kwa jicho.

Ukibaki na shaka, kata majani machache ya ukingoni mwa baka, yaweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi laini iliyolowa, ufunge, uache ndani usiku mmoja. Asubuhi ukiona nyuzi nyeupe kama pamba zimeota, una jibu. Na kama uani ni mkubwa na fedha inahusika, peleka sampuli ya udongo KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wapime, badala ya kununua mbolea tatu tofauti kwa kubahatisha.

Kuvu imeshaingia. Niongeze mbolea ili nyasi zipate nguvu?

La. Nitrojeni isimame siku hiyohiyo, na maji ya jioni yasimame siku hiyohiyo. Punguza matawi yanayofunika sehemu ile ili jua na upepo vifike. Kata nyasi zikiwa kavu tu, sehemu yenye ugonjwa iwe ya mwisho, na mabaki yake uyakusanye na kuyatoa. Kisha osha mashine, au fyekeo na viatu, kabla ya kwenda uani mwingine. Watunza bustani wanaohudumia nyumba tatu kwa siku wanabeba kuvu miguuni bila kujua.

Mara nyingi kaskazi kavu ikishika, kuvu inasimama yenyewe, na nyasi zinafunika baka kwa kutambaa. Kutu na vidoa vya sarafu ndivyo vya pekee ambavyo nusu ya kipimo cha mbolea huviponya.

Dawa ni ya mwisho. Ikibidi, sema dukani jina la kuvu, si "nipe dawa ya majani". Hakikisha kibandiko kina namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia viuatilifu, fuata kipimo kilichoandikwa, vaa glavu, barakoa na mikono mirefu, na watoto wasiingie mpaka pakauke. Ukilazimika kurudia, badilisha aina ya kiambata, yaani kemikali inayoua kuvu, usirudie kilekile, maana kuvu huzoea.

Aina ya nyasi inabadilisha majibu haya?

Ndiyo, kidogo. Nyasi za Pemba zina majani mapana, zinavumilia kivuli cha mvinje na mnazi na hewa ya chumvi, lakini zikinyweshwa nitrojeni nyingi hushikwa na madoa ya kijivu upesi. Zipe theluthi mbili ya vipimo vya juu. Nyasi nyembamba za kutambaa, zile zinazotumiwa viwanjani, zinakula zaidi ila zinataka jua kamili. Paspalum inavumilia maji ya chumvi kuliko zote. Nyasi za Kikuyu zimezoea baridi ya bara. Usizilete hapa ukitegemea mbolea izibebe.

Nikate kwa urefu gani?

Pemba ziache sentimita 6 hadi 8, nyembamba sentimita 3 hadi 4. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, na kisu kiwe kikali. Fyekeo butu linachana jani badala ya kulikata, na jani lililochanika ni mlango wazi. Nyasi zikiwa na afya, mabaki yaache yalale yalipoanguka, kwa sababu yanarudisha karibu robo ya nitrojeni unayoinunua.

Nyumba yangu iko ufukweni. Mbolea inaweza kudhuru bahari?

Inaweza. Kilichopita mizizi kwenye mchanga kinakwenda na maji ya chini mpaka baharini, na mbele yetu kuna matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, inayolindwa tangu 1968. Nitrojeni hulisha mwani unaoyafunika matumbawe. Acha ukanda wa mita kadhaa upande wa ufukwe bila mbolea kabisa.

Kwa ndugu zangu wa Shela, Lamu, nasema kwa mkazo zaidi. Vilima vyenu vya mchanga ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji. Huko tumieni samadi iliyooza na salfeti ya chuma, na mbolea ya chumvichumvi iwe kidogo kabisa au isiwepo.

Jana nilizidisha mbolea kwa bahati mbaya, na mawingu ya vuli yameshajikusanya. Kuna la kufanya?

Kama punje bado zinaonekana na ni kavu, fagia sasa hivi kwa ufagio laini, uzirudishe kwenye mfuko. Usingoje. Zikiwa zimeshayeyuka, usizifukuze kwa maji mengi, maana utazipeleka kisimani. Tandaza samadi nyembamba iliyooza? Hapana, mvua inakuja. Acha kumwagilia, angusha umande kila asubuhi, na nyasi zitakaporefuka kwa kasi zikate mara mbili kwa wiki zikiwa kavu. Mabaki ya wiki mbili hizo yatoe nje, kwa sababu nitrojeni iliyozidi imo ndani yake, na yapeleke kwenye lundo la mboji. Kagua kila alfajiri kwa siku kumi, ukianzia chini ya miti na kando ya ukuta ambako upepo haufiki.